Soko la Alfajiri Mjini Tokyo: Mahali Ambapo Bei ya Samaki Hupatikana Hadharani

Kabla jua halijachomoza katika mji wa Tokyo, mji mkuu wa Japani, madirisha mengi huwa bado gizani na njia kuu huwa kimya. Lakini katika mtaa uitwao Tsukiji, karibu na mahali ambapo mto Sumida huingia baharini, taa zimekwisha washwa zamani. Watu waliovaa mabuti ya mpira wanapita upesi wakisukuma mikokoteni. Maji yanamwagwa sakafuni na kufagiliwa. Masanduku meupe yaliyojaa barafu yanafunguliwa, na mvuke wa baridi unapanda juu. Hili ndilo soko la barabarani ambalo wapishi wa Tokyo wamelitegemea kwa miaka mingi, na ambalo wasafiri kutoka pande zote za dunia hulitembelea.

Msafiri atakaye kuliona soko hili likiwa katika kazi yake ya kweli hana budi kuamka mapema. Treni za kwanza za chini ya ardhi hufika hapo muda mfupi baada ya saa 11 alfajiri. Akichelewa mpaka saa 4 asubuhi atakuta umati wa wageni wenzake, wala hatawaona wale ambao soko liliwekwa kwa ajili yao. Tena achague siku yake vizuri, maana siku za Jumapili na Jumatano kadha wa kadha maduka mengi hufungwa.

VITU VINAVYOUZWA

Vichochoro vya soko hili ni vyembamba. Watu wawili wenye vikapu hupishana kwa shida. Maduka yake ni kiasi cha 400, na mengi ni madogo kama chumba kimoja cha nyumba ya kupanga. Hata hivyo kila duka lina kazi yake maalum. Mmoja huuza kamba tu. Wa pili huuza chaza na kombe. Wa tatu huuza mayai ya samaki yaliyotiwa chumvi. Yuko auzaye visu tu, vyenye makali upande mmoja, na kimojawapo ni kirefu kama upanga, kwa kuwa kazi yake ni kumpasua jodari mzima.

Mtu wa pwani ya Afrika ya Mashariki atavitambua vitu vingi. Atamwona ngisi, pweza, kaa na samaki waliokaushwa kwa jua kama ng'onda. Pengine atashangaa kusikia ya kuwa pweza wengi waliwao katika Japani hutoka Afrika, katika bahari za Mauritania na Morocco, wakasafirishwa wakiwa wamegandishwa. Atauona mwani pia, lakini si wa jamii ile ilimwayo Unguja, Pemba na huko Kibuyuni katika Kwale. Mwani wa pwani hiyo huuzwa ng'ambo ili upatikane utomvu wa kugandishia vyakula. Mwani mpana wa Japani uitwao konbu, ambao mwingi hutoka kisiwa cha kaskazini cha Hokkaido, hutumbukizwa katika maji ya moto ili kutoa mchuzi.

Rafiki wa mwani huo ni kitu ambacho mgeni hukidhania kuwa kipande cha kuni. Kumbe ni samaki wa jamii ya jodari, aliyechemshwa, akafukizwa moshi, akakaushwa mara nyingi mpaka akawa mgumu kama mti. Muuzaji humparuza kwa chombo mfano wa randa ya seremala, na nyuzinyuzi nyembamba zinazoanguka ndizo zitiwazo katika mchuzi. Harufu yake ya moshi huenea kichochoro kizima, na wenyeji husema mtu aliyefumba macho aweza kulijua duka hilo kwa pua yake.

SOKO LISILO NA KUPATANA BEI

Baada ya kutembea kwa muda, mgeni atokaye Afrika ya Mashariki hutambua ya kuwa kuna jambo moja linalokosekana. Hasikii mtu akipatana bei. Mpishi wa hoteli ndogo huja na kikapu chake, husimama mbele ya muuzaji, huinama kidogo kwa heshima, huulizia samaki wa siku hiyo, huonyeshwa, hulipa na kwenda zake. Pengine muuzaji amekwisha mwekea pembeni samaki amfaaye, kwa kuwa anazijua sahani zake na wateja wake. Maneno ni machache. Hakuna aondokaye kwa hasira ili aitwe arudi.

Je, mpishi huyu ajuaje ya kuwa hakudanganywa? Mtu aliyelelewa katika desturi ya kupatana huona ya kuwa kununua bila kubishana ni kujitoa mhanga. Jibu ni kwamba mabishano yalikuwako, lakini yalikwisha kabla mpishi hajafika. Yalifanywa usiku ule ule, hadharani, mbele ya watu wengi wenye kuijua mali, mahali palipo chini ya ulinzi wa sheria. Bei inayotajwa kichochoroni ni mtoto wa bei iliyopatikana huko, ikaongezwa faida ya muuzaji na gharama za barafu na kazi yake. Ili kuelewa soko la barabarani, basi, yafaa kwanza kulielewa soko kubwa lililokuwa mama yake.

ARDHI ILIYOTOLEWA BAHARINI

Jina la Tsukiji maana yake ni ardhi iliyojengwa. Mwaka 1657 moto mkubwa uliteketeza sehemu kubwa ya mji, ambao siku hizo uliitwa Edo. Baada ya msiba huo watu walifukia sehemu za bahari ili wapate mahali papya pa kujenga. Wenyeji husimulia ya kuwa mawimbi yalikuwa yakizibomoa kuta za mawe kila zilipojengwa, mpaka hekalu dogo la kuzuia mawimbi liliposimamishwa. Hekalu hilo lingali pale ukingoni mwa soko. Katika ua wake yamo mawe ya ukumbusho wa samaki, wa kamba na hata wa mayai, yaliyowekwa na wafanya biashara ili kuvishukuru viumbe ambavyo kwavyo wamepata riziki.

Siku hizo samaki hawakuuzwa Tsukiji. Kwa muda wa miaka zaidi ya 300 soko la samaki lilikuwa Nihonbashi, katikati ya mji, na lilikuwa mikononi mwa nyumba za matajiri wenye haki zao za tangu enzi za watawala wa kale. Mabadiliko yaliletwa na mambo mawili: njaa na tetemeko la nchi.

Mwaka 1918 bei ya mchele ilipanda mno katika Japani. Katika mwezi wa Julai, wake wa wavuvi katika pwani ya Toyama walikusanyika ili kuzuia mchele usipakiwe katika meli na kupelekwa mbali, wakati watoto wao hawana chakula. Habari zilienea, na machafuko yakazuka katika miji mingi hata serikali ya wakati huo ikajiuzulu. Viongozi wakatambua ya kuwa watu wa mjini hawawezi kuwa na utulivu iwapo bei ya chakula hufanywa mafichoni. Kwa hiyo mwaka 1923 ilitungwa sheria ya masoko makuu ya jumla. Kusudi lake lilikuwa kwamba chakula kiuzwe mahali pamoja, chini ya usimamizi wa mji, na bei zake zijulikane kwa wote.

Miezi michache baadaye, tarehe 1 Septemba 1923, kabla kidogo ya saa 6 mchana, tetemeko kubwa liliupiga mji wa Tokyo, na moto ukafuata. Watu zaidi ya 100,000 walikufa. Soko la Nihonbashi likateketea. Wauza samaki wakahamia Tsukiji, na mwaka 1935 soko jipya kubwa lilifunguliwa hapo. Jengo lake lilipinda kama upepeo uliokunjuliwa, kwa sababu treni za mizigo zilizoleta samaki zilipita kandokando ya upinde huo.

Soko la barabarani lilizaliwa nje ya lango la soko hilo. Makumi ya mahekalu madogo yaliyokuwa jirani yalihamishwa baada ya tetemeko, na katika viwanja vyao wakaja wauzaji wa visu, vikapu, mboga, chai, mwani na mayai. Aliyetoka kununua samaki katika soko kubwa alipata mahitaji yake mengine hapo nje. Ndiyo maana wenyeji waliyaita masoko hayo mawili soko la ndani na soko la nje.

JINSI BEI INAVYOPATIKANA

Soko la ndani halipo tena Tsukiji, kama itakavyoelezwa hapa chini. Limehamia Toyosu, kiasi cha kilomita 2 kutoka hapo, ng'ambo ya maji. Lakini kazi yake ni ile ile, na mnada wa jodari, ambao huanza kiasi cha saa 11 na nusu alfajiri, ndio ujulikanao kuliko minada yote.

Usiku kucha malori huleta samaki kutoka bandari za Japani, na wengine hushushwa kutoka ndege. Wako jodari wabichi, na wako waliogandishwa mpaka ubaridi wa nyuzi 60 chini ya sifuri, wakiwa wamevuliwa na meli zinazosafiri mbali, hata katika Bahari ya Hindi. Samaki hao hulazwa sakafuni safu kwa safu, kila mmoja na namba yake, na mkia wake umekatwa ili nyama ya ndani ionekane.

Kabla ya mnada wanunuzi hupita kati ya safu hizo. Kila mmoja ana tochi mkononi na kijiti chenye ndoana. Huumulika mkato wa mkia, huutazama wekundu wake, huchukua chembe ya nyama na kuifikicha kwa vidole ili apime mafuta. Samaki aliyepigana sana alipovuliwa, au aliyecheleweshwa kutiwa katika barafu, nyama yake huwa imepauka kama iliyochemshwa, na mnunuzi hodari huiona dosari hiyo mara moja. Elimu hii haipatikani katika vitabu. Kijana huifuata nyuma ya mzee wake kwa miaka mingi kabla ya kuaminiwa na fedha za nyumba yao.

Kisha kengele hulia. Mnadi husimama juu ya sanduku na kuanza kuita kwa sauti iliyo kama wimbo. Wanunuzi hawasemi neno. Huinua mkono na kuonyesha bei kwa vidole. Kila samaki huuzwa katika sekunde chache tu, na jina la mnunuzi huandikwa papo hapo.

Kuna pande tatu katika kazi hii, na kila upande una mpaka wake. Wa kwanza ni makampuni makubwa ya jumla, ambayo hupokea samaki wa wavuvi na kuwanadi. Makampuni hayo hulipwa ushuru kwa kila mia ya bei. Kwa miaka mingi ushuru huo uliwekwa kuwa 5.5 katika 100 kwa samaki, na kwa hiyo yeye anadiye hupata zaidi pale mvuvi apatapo zaidi. Tena sheria iliwakataza kumbagua mvuvi au kukataa mali yake bila sababu ya haki. Wa pili ni wachuuzi wa kati wenye leseni, ambao hununua mnadani, humpasua samaki na kumwuza vipande vipande. Wa tatu ni wapishi na wenye maduka, ambao hununua kwa wachuuzi hao.

Katika nchi nyingi mtu wa kati hulaumiwa ya kuwa anakula jasho la wengine. Lawama hiyo ni ya kweli mara nyingi. Lakini katika soko hili mtu wa kati ana kazi inayoonekana. Mpishi mwenye viti kumi hawezi kununua jodari wa kilo 200, wala hana muda wa kukagua safu nzima. Mchuuzi humfanyia kazi hiyo ya macho na vidole, na humgawia kilo mbili azitakazo. Akimpa samaki mbaya leo, kesho mpishi atakwenda kwa jirani yake, hatua tatu tu kutoka hapo. Kinachomzuia mchuuzi asizidishe bei ni kwamba bei ya asubuhi hiyo imesikiwa na wote.

Isidhaniwe kwamba kila samaki wa Tokyo hupita mnadani. Siku hizi maduka makubwa hununua kwa wingi, nayo hupenda kupatana bei mapema, na samaki wengi huuzwa kwa mapatano bila kengele kulia. Tena ziko bei ambazo si za samaki tu. Katika mnada wa kwanza wa mwaka, Januari 2019, jodari mmoja wa kilo 278 aliuzwa kwa yeni 333,600,000. Mnunuzi alikuwa mwenye hoteli nyingi za sushi, na bei hiyo ilitangaza jina lake katika magazeti ya dunia. Siku ya kawaida hakuna anunuaye hivyo.

IMANI HUVUNJIKA UPESI

Ubora wa soko hujulikana siku ya taabu. Tarehe 1 Machi 1954 Marekani ililipua bomu la haidrojeni huko Bikini katika bahari ya Pasifiki. Mashua ya wavuvi wa Japani iitwayo Daigo Fukuryu Maru ilikuwa mbali na mahali hapo, lakini majivu yenye sumu yaliiangukia. Mashua ilirudi bandarini Yaizu, na baadhi ya samaki wake wakapelekwa Tsukiji kabla watu hawajajua lililotukia. Ilipogunduliwa ya kuwa samaki hao wana sumu, walizikwa katika ardhi ya soko lenyewe.

Hasara haikuwa ya samaki hao tu. Wenyeji wa mji waliacha kununua jodari wote, hata waliovuliwa mbali kabisa na hatari. Bei ikaanguka, na wauzaji waliokuwa hawana kosa lolote wakakaa na mali isiyotakiwa. Waswahili husema samaki mmoja akioza wote wameoza, na mwaka huo msemo huo ulitimia Tokyo. Kwa siku nyingi samaki waliotoka Pasifiki walipimwa kwa vyombo bandarini kabla ya kuuzwa, na polepole watu wakarudi. Mwaka 1999 kibao kiliwekwa ukutani Tsukiji ili jambo hilo lisisahauliwe.

SOKO KUBWA LINAHAMA

Miaka ilipopita, jengo la mwaka 1935 lilichakaa. Treni ziliacha kulitumia, na malori yakasongamana katika uwanja ambao haukujengwa kwa ajili yao. Wakuu wa mji wakaamua kulihamishia Toyosu, katika kiwanja kilichokuwa zamani cha kiwanda cha gesi. Hapo tatizo likatokea. Ardhi ilipopimwa mwaka 2008 ilionekana ina sumu. Mahali pamoja benzini ilizidi kipimo cha usalama mara 43,000. Kuhama kulikuwa kumepangwa Novemba 2016, lakini Gavana wa Tokyo, Yuriko Koike, alikuahirisha ili ardhi na maji ya chini yachunguzwe zaidi.

Wafanya biashara waligawanyika. Wengine walisema jengo la kale halina baridi ya kutosha na halifai tena kwa chakula. Wengine walisema watu hawatamla samaki aliyelala juu ya ardhi yenye sumu, wakakumbusha yaliyotukia mwaka 1954. Mwishowe kazi ya usafishaji ikaongezwa, na soko la ndani likafungwa Tsukiji tarehe 6 Oktoba 2018, baada ya miaka 83. Soko la Toyosu likafunguliwa tarehe 11 Oktoba mwaka huo huo.

Kuna tofauti kubwa kati ya masoko hayo mawili. Toyosu ni jengo lililofungwa, lenye ubaridi unaopimwa, na wageni huutazama mnada kutoka sehemu iliyotengwa kwa ajili yao. Samaki huhifadhika vizuri zaidi. Lakini sauti, msongamano na maji ya sakafuni, mambo ambayo wageni waliyapenda na wafanya kazi waliyavumilia, yamebaki kuwa masimulizi ya wazee.

WALE WALIOBAKI

Mama alipoondoka, watu wengi walidhani mtoto atakufa. Soko la nje lilikuwa limekwisha pata pigo jingine Agosti 2017, moto ulipoteketeza maduka kadhaa. Wenye maduka walikataa kuondoka. Serikali ya mtaa wa Chuo, ambao Tsukiji imo ndani yake, ilikuwa imejenga nyumba mpya ya soko pembeni mwa vichochoro hivyo, na ndani yake wachuuzi kadhaa wa kati wanaonunua katika mnada wa Toyosu wakafungua vibanda. Kwa njia hiyo samaki aliyenadiwa ng'ambo ya maji huvuka kwa lori na kufika Tsukiji asubuhi ile ile, na mpishi mzee humkuta muuzaji wake mahali pale pale.

Hatari ya sasa ni ya namna nyingine. Wageni wamekuwa wengi mno. Baadhi ya maduka yamegundua ya kuwa ni rahisi zaidi kumwuzia msafiri kipande kimoja cha samaki juu ya kijiti kuliko kumwuzia mpishi kilo tano, na bei imepanda kwa mtu ambaye hatarudi tena. Msafiri huyo hakuusikia mnada, wala hajui bei ya jana. Hapo ndipo kile kifungo cha zamani, yaani mnunuzi arudiye kila siku, kinapolegea.

Kwa sababu hiyo chama cha wenye maduka kimewaomba wageni wafuate adabu za soko. Kabla ya saa 3 asubuhi nafasi iachwe kwa wapishi na wenye kazi. Mtu asile huku akitembea, bali ale mbele ya duka aliponunua na kurudisha kijiti na sahani hapo hapo. Asiguse samaki asiyemnunua. Asisimame katikati ya njia kupiga picha, maana mkokoteni wa barafu hauna breki. Mgeni azishikaye adabu hizi hupokewa vizuri, na muuzaji wa mayai ya kukunjwa, ayakaangaye katika kikaango cha shaba chenye pembe nne, humpa kipande cha moto kwa tabasamu.

Kwa upande wa pili wa barabara, uwanja wa soko la kale umebomolewa na kusawazishwa. Mwaka 2024 mji wa Tokyo ulichagua makampuni ya kuujenga upya, na mpango wao ni pamoja na uwanja wa michezo wa watazamaji kiasi cha 50,000.

ALICHOKIONA MGENI

Mtu wa Afrika ya Mashariki aweza kuona ya kuwa mambo haya ni ya nchi tajiri, yenye meli na mitambo ya baridi. Lakini msingi wake haukuwa mitambo. Mnada ulianza wakati samaki waliletwa kwa mashua na treni. Tena jambo lenyewe si geni Afrika ya Mashariki: katika mnada wa chai wa Mombasa, majani ya nchi kadhaa huonjwa na watu wenye ulimi hodari kabla ya kupewa bei, kama vile mkia wa jodari unavyofikichwa kwa vidole.

Tofauti huonekana ufuoni. Katika fuo nyingi za Ziwa Victoria na za bahari, mvuvi ashukaye alfajiri hukutana na mnunuzi mmoja mwenye mizani yake mwenyewe. Samaki huharibika jua likipanda, na mvuvi asiye na barafu hana nguvu ya kukataa bei yoyote. Mnunuzi hulijua hilo, naye hungoja tu. Ndiyo sababu vikundi vya usimamizi wa fuo katika Kenya, vijulikanavyo kwa herufi BMU, vina kazi kubwa pale vinaposimamia mizani iliyo ya wote, vinapotafuta barafu, na vinapotangaza bei ya siku hadharani ili kila mvuvi aisikie kabla hajauza. Mambo hayo matatu, yaani mizani ya haki, barafu na bei iliyotangazwa, hayahitaji jengo kubwa.

Mnamo saa 3 asubuhi mpishi wa Tsukiji amekwisha rudi jikoni kwake, na vichochoro vimeanza kujaa wageni. Muuzaji wa kamba huosha meza yake na kulipanga upya barafu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, wasema Waswahili. Na katika vichochoro hivi yule mwenye samaki mzuri hapazi sauti. Hungoja tu, kwa kuwa wale wamjuao watarudi kesho alfajiri.